Sura ya Tisa: Kilima Kisichohama

Komeo alimvua Inspekta saa, hereni na mkanda wenye bizimu, akachukua na simu yake, akavipanga mezani kwake kama mchuuzi wa mnadani, kisha akamkodolea macho kichwani.

"Na vibanio, Afande."

"Hata vibanio vya nywele?"

"Chuma ni chuma."

Inspekta akavichomoa kimoja kimoja huku akisonya. Alikuwa mwanamke mnene mwenye hasira za karibu, na hakuona raha hata kidogo kuvuliwa mapambo na mlinzi ambaye suruali yake mwenyewe ilishikiliwa na kamba ya katani. Lakini maabara ile, iliyokuwa chini kabisa ya jengo, ilikuwa na sheria zake, na Komeo alizishika kuliko hata mkuu aliyezitunga. Jina lake halisi lilishasahaulika. Kazi yake ilikuwa kufunga mlango wa chuma na kuufungua, basi.

Wa pili kufika alikuwa Mjomba. Hakuwa mjomba wa Inspekta wala wa Komeo, ila mtoto aliyelazwa hospitali alikuwa akimwita hivyo, na tangu kesi ianze kila mtu alishaambukizwa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mtunza ghala la nafaka, kaka wa tumbo moja wa marehemu mama wa mtoto huyo. Sheria ilimpa ndugu wa marehemu haki ya kukaa ndani na kushuhudia kipimo, naye hakuiacha haki yake ipotee.

Alitoa simu, funguo na mfuko wa karatasi. Komeo akauchungulia mfuko, akatoa kofia ndogo nyekundu ya kitambaa laini, ya kufunika hadi masikioni.

"Ya mpwa wangu," alisema Mjomba. "Nikitoka hapa nampitishia hospitali. Wodini hawaniruhusu, ila nesi atampa."

"Joto lote hili unamfunika mtoto kichwa?"

"Mgonjwa husikia baridi, bwana mlinzi."

Komeo akairudisha kofia mfukoni na kuuweka mfuko pembeni ya hereni za Inspekta. Kisha akasimama mbele ya mlango, akajikohoza, akaimba wimbo wake.

"Mkemia yumo ndani, nanyi wawili, jumla watatu. Muhuri ukivunjwa simfungulii mtu, awe ameshikwa na haja ndogo au kubwa. Nafungua nikisikia sauti tatu, kila mmoja kwa kinywa chake, anasema: kazi imekwisha, fungua. Zikiwa mbili, sijasikia kitu. Ofisi ikifungwa kabla ya sauti ya tatu, namwita mkuu, mnatoka, na kazi imevunjika. Majibu hayaendi mahakamani wala hospitali."

"Na mtu akizimia?" aliuliza Inspekta.

"Azimie akiwa ameshasema."

Sheria hiyo ilitungwa baada ya vielelezo kadhaa kubadilishwa na watu waliotoka mara moja tu kwenda kunawa mikono. Inspekta mwenyewe aliipigia debe wakati ule. Hakujua kwamba siku moja atakuwa upande wa ndani.

Mlango ulifungwa. Komeo alivuta kitasa cha kwanza, cha pili, kisha chuma kirefu kilicholala mlangoni kutoka ukuta hadi ukuta, na kila kimoja kilisikika vizuri. Chumba hakikuwa na dirisha. Feni ilikuwepo darini, lakini ilikuwa imezimwa na mapanga yake kufungwa kwa kitambaa.

"Iwashe basi, tutaiva humu," alisema Inspekta.

"Haiwashwi, Afande," alisema Mkemia. "Feni inarusha vumbi, na vumbi la mjini lina madini ya risasi ndani yake. Chembe moja ikidondokea kikombeni, nitakupa majibu ya barabara badala ya majibu ya chai."

Mkemia huyo walimwita Matone, kwa kuwa alipima kila kitu kwa matone, hata sukari ya kikombe chake, walisema waliomtania. Alikuwa amevaa glavu, koti jeupe na kofia ya plastiki, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi badala ya skrubu. Juu ya meza yake palikuwa na mashine isiyozidi ukubwa wa redio, skrini, na mkono ulioshika kijiti cheusi juu ya kikombe kidogo. Pembeni zilisimama chupa mbili zenye mihuri.

Inspekta alijibanza ukutani. Aliogopa vyumba vilivyofungwa tangu utotoni, na kituoni hakuna aliyelijua hilo. Jasho lilishaanza kumtambaa mgongoni.

"Tuanze," alisema. "Daktari anasubiri."

Jambo lenyewe walilijua wote watatu. Mwanamke, fundi cherehani, alikunywa chai ya chupa yake kazini kama kila siku, akaugua miguu na tumbo, akafa. Mwanawe wa miaka sita, aliyempitia mama yake akitoka shule, alikunywa sehemu ya iliyobaki, na sasa alikuwa wodini. Baba wa mtoto alikuwa Fundi Betri, anayeyeyusha risasi za betri kuukuu uani kwake. Polisi walipeleka chai maabara na swali moja: ina risasi? Maabara ikajibu, inayo. Fundi Betri akatiwa ndani kwa mauaji, mtoto akaanza kupewa dawa ya kutoa risasi mwilini.

Ila mtoto hakupata nafuu. Asubuhi ile daktari alimvuta Inspekta kando ya korido na kumwambia bila kupepesa: "Dawa hii inamchosha figo. Kama sumu si risasi, sisi ndio tunaommaliza. Niletee jina. Kila sumu na dawa yake, na bohari kuu ya dawa hawatoi zile adimu bila majibu ya maabara. Gari lao linaondoka alasiri. Likiondoka bila oda yangu, ni wiki ijayo, na wiki ijayo mtoto huyu sina."

Ndiyo sababu walikuwa humo, na mabaki ya mwisho ya chai ile. Ilikuwa imeshachemshwa kwa asidi mpaka ikawa maji matupu yasiyo na rangi, ikagawanywa kwenye chupa mbili.

Matone alivunja muhuri wa kwanza.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako," alisema Inspekta.

"Mama yangu ni mwalimu wa fizikia."

"Basi kama unavyomweleza Komeo."

Matone alitabasamu kidogo. "Ncha ya kijiti hiki nimeipaka utando mwembamba wa zebaki. Nikipitisha umeme, madini yaliyoyeyuka kwenye maji yanavutwa, yanapanda kwenye ule utando na kukaa, kama abiria. Nakoroga, nasubiri, yanapanda. Hata yakiwa machache kiasi gani, nikisubiri vya kutosha yanakusanyika. Halafu nabadilisha umeme polepole, abiria wanaanza kushuka. Kila madini na kituo chake. Yakishuka, skrini inachora kilima. Mahali kilipo ndipo pananipa jina, urefu wake unanipa wingi."

"Na hicho kikombe cha pili?"

"Kikombe tupu. Kina kila kitu isipokuwa chai. Lazima nikipime kwanza nione kama vyombo vyangu ni safi."

Alikipima kikombe tupu. Gesi ilipuliziwa humo kufukuza hewa, ikatoa povu kwa muda, kisha kikorogeo kikazunguka, kisha kimya. Mstari ukapita kwenye skrini umenyooka kama barabara ya lami. Akaweka kikombe cha chai. Povu tena, kikorogeo tena, kusubiri tena. Inspekta alitazama mkono usio na saa.

Mstari ulitambaa, ukatambaa, kisha ukainuka. Kilima kirefu, chembamba.

"Kituo cha risasi," alisema Matone.

Mjomba alishusha pumzi ndefu. "Si mmeona? Shemeji yangu nilimwambia mara ngapi asiyeyushe vitu vile nyumbani. Nilimwambia!" Akainuka, akaufuata mlango, akaugonga kwa kiganja. "Kazi imekwisha, fungua!"

"Moja!" alijibu Komeo kutoka nje, kwa furaha.

"Keti, Mjomba," alisema Inspekta.

"Lakini Afande, majibu ni yale yale."

"Keti."

Alikaa. Inspekta aliisogelea skrini mpaka pua yake ikakaribia kuigusa. Kilima kilikuwa pale pale, kizuri, na hakikumwambia kitu. Akawaza juu ya simu ya nesi. Alipigiwa alipokuwa akishuka ngazi za jengo hili, na aliyoyasikia hakumwambia mtu yeyote.

"Matone. Kituo hicho anashuka risasi peke yake?"

Matone alivua miwani, akaifuta, akaivaa, uzi ukamkwama sikioni.

"Mliniuliza kama kuna risasi," alisema. "Nikatazama kwenye kituo cha risasi, nikaona kilima, nikawajibu. Hamkuniuliza kuna nini."

"Sasa nakuuliza."

"Kuna mwingine. Ni nadra sana, ndiyo maana... Anaitwa thaliamu. Kituo chake na cha risasi vimebanana kiasi kwamba kwa macho ni kilima kimoja." Sauti yake ilikuwa imepungua. Alikuwa amekwisha kuona kule ambako swali lilikuwa linaelekea, na uso wake ulimwonyesha mtu anayetamani ardhi impasukie. "Ningepaswa kuangalia. Mwanamke fundi wa betri, kilima cha risasi, nikaona yameisha."

"Mwanamke mke wa fundi wa betri," alisema Inspekta. "Hata hapo umeshapotea. Hiyo thaliamu inapatikana wapi?"

"Siku hizi haitakiwi popote. Zamani ilikuwa sumu ya panya. Haina ladha wala harufu."

Mjomba aliangalia kucha zake. "Shemeji naye ni mtu wa kununua makorokoro ya zamani," alisema. "Makopo, betri, dawa. Anaweza kuwa na chochote pale uani."

"Anaweza," alikubali Inspekta. Nyumba ya Fundi Betri ilishapekuliwa mara mbili hadi kwenye mashimo ya panya wenyewe. "Matone, tunawatenganishaje hawa wawili?"

"Kuna dawa. Nikiitia kikombeni, risasi inang'ang'aniwa nayo, inashuka mapema, kituo cha kabla. Thaliamu haishikiki. Inabaki kwenye kituo chake. Kilima kikihama, ni risasi. Kisipohama..."

"Fanya."

"Itabidi nivunje muhuri wa pili. Na baada ya hapo chai haipo tena duniani."

"Vunja."

Matone alipaza sauti kuelekea mlangoni, kama sheria ilivyotaka. "Tunavunja muhuri wa pili!"

"Basi sauti zinaanza upya!" alijibu Komeo. "Ile moja imekufa!"

Matone alianza na kikombe tupu kingine, chenye ile dawa ndani. Kilipotoa mstari ulionyooka, akakiacha pembeni. Akamimina chai ya mwisho kwenye kikombe safi, akasafisha kijiti, akakipaka zebaki upya, akakizamisha. Povu likaanza. Akafungulia umeme, kikorogeo kikazunguka.

"Sasa wanapanda," alisema. "Safari hii nawaacha wapande muda mrefu, nipate kilima cha kueleweka. Tusitikise meza."

Watu watatu walikaa kwenye viti vitatu, magoti yakikaribia kugusana. Hewa ilikuwa nzito. Inspekta alihisi kuta zimemsogelea hatua moja tangu waingie, akajiambia ni upuuzi, na kujiambia hakukumsaidia. Akaamua kufanya kazi, kwa sababu kazi ndiyo iliyomtuliza siku zote.

"Mjomba, mtoto umemwona lini mara ya mwisho?"

"Siku ile alipolazwa. Baada ya hapo wakafunga wodi, ndugu hatuingii."

"Na hali yake unaipata kwa nani?"

"Wananiambia tu, hajambo kidogo, hajambo kidogo."

"Kofia ya nini?"

Mjomba aliinua macho. "Nimesema. Baridi."

"Nywele za mtoto yule zimeanza kudondoka jana. Zinatoka mafungu mafungu, zinabaki kwenye mto. Nesi amenipigia simu leo nikiwa kwenye ngazi za jengo hili. Daktari mwenyewe ameshangaa, maana risasi haing'oi nywele za mtu. Mimi nimejua leo, daktari amejua leo. Wewe kofia umeinunua lini?"

"Ni kofia tu, Afande."

"Ya kufunika mpaka masikio. Yenye kitambaa laini, isimkwaruze mtu asiye na nywele."

Kikorogeo kilizunguka. Matone alijifanya hasikii, lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa.

"Nilifika ghalani kwako," aliendelea Inspekta. "Ulinipokea vizuri, ukanipa kiti. Ulipotoka kuita mpagazi nilipanda ngazi yako nikaangalia rafu ya juu kabisa, kule mnakoweka dawa za panya zilizopigwa marufuku, zinazosubiri watu wa kuja kuziharibu ambao hawaji. Vumbi la kutosha kupanda mchicha. Isipokuwa duara moja safi, ukubwa wa kopo. Sikukuuliza. Nilijisemea, kopo linaweza kuhamishwa na yeyote."

"Sawasawa. Yeyote."

"Dada yako alikataa kuuza nyumba ya baba yenu. Watu wote wa mtaa wanalijua hilo, mlikuwa mkizozana mpaka barabarani. Yeye akifa, mumewe akifungwa, mlezi wa mtoto ni nani? Ni mjomba. Na nyumba inamfuata mtoto."

"Afande, humu ndani hakuna hewa," alisema Mjomba, akainuka.

Inspekta naye aliinuka, lakini unene ulimchelewesha. Mjomba alipepesuka kama mtu anayetaka kuzirai, akatupa mkono kutafuta pa kujishikilia, na mkono huo ukapita juu ya meza. Kikombe kiliruka. Chai ya mwisho duniani ikamwagika sakafuni, ikatambaa chini ya kabati na kupotelea kwenye tundu la maji machafu.

"Nisameheni," alisema Mjomba. "Kizunguzungu. Nisameheni sana, jamani."

Inspekta alimshika kola kwa mikono miwili na kumkalisha kitini kwa nguvu, kiti kikalia. Alitazama ile njia nyembamba ya maji sakafuni, akamwona mtoto, akaliona na lile gari la bohari, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani kumpiga mtuhumiwa kofi.

"Matone! Kusanya! Chota kwa kitambaa, kwa chochote!"

Matone hakuchota kitu. Alikuwa amesimama vile vile, amekipachika kile kikombe tupu, chenye dawa, chini ya kijiti, na ncha ilikuwa imezama ndani yake. Mkono wake mwingine ulikuwa umeifunika swichi kama kuku aliyeatamia.

"Mtu asiguse umeme," alisema.

"Chai imekwisha, wewe unapima nini?"

"Chai imekwisha. Abiria walishapanda." Aliongea polepole, kana kwamba akiharakisha watashuka. "Wako kwenye utando, Afande. Umeme haujakatika, kwa hiyo wamekaa. Sihitaji tena maji waliyotoka. Nawashusha kwenye kikombe hiki safi, na dawa ya kuhamisha risasi imo humo humo."

Inspekta alimwachia Mjomba kola. Mjomba hakusogea. Alikuwa akikitazama kile kijiti cheusi, kitu kisichozidi urefu wa penseli, kana kwamba ndiyo kwanza anakiona.

Matone alizima kikorogeo. Akasubiri maji yatulie. Akabonyeza.

Mstari ulianza kutambaa. Ulifika pale ambapo risasi, ikiwa na ile dawa, ingeshuka. Inspekta alizuia pumzi. Mstari ukapita umenyooka, hakuna aliyeshuka. Ukaendelea hadi kituo cha zamani, na hapo hapo, bila kusogea hata upana wa unywele, ukainuka ukawa kilima.

"Hakijahama," alisema Matone.

Hakutosheka. Alitia kikombeni tone la risasi anayoijua, akasubiri, akapima: kilima kidogo kikaota upande wa kushoto, mbali na mwenzake. Akatia tone la thaliamu kutoka chupa iliyochorwa fuvu la kichwa, na kilima kikaota pale pale pa kwanza. Akaweka mikono yote miwili mezani.

"Thaliamu," alisema. "Risasi haimo kabisa. Fundi Betri wa watu yuko ndani kwa sababu yangu."

"Utamwomba radhi baadaye." Inspekta alikuwa tayari mlangoni, anaugonga kwa ngumi. "Kazi imekwisha, fungua!"

"Moja!"

"Kazi imekwisha, fungua," alisema Matone.

"Mbili!"

Sauti ya tatu haikuja.

Inspekta aligeuka. Mjomba alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Sema," alisema Inspekta.

Mjomba alitikisa kichwa.

"Komeo! Piga simu hospitali, wodi ya watoto, mwambie daktari sumu ni thaliamu! Gari lisiondoke!"

"Nasikia sauti mbili tu, Afande."

"Mtoto anakufa, wewe!"

"Aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu naye aliambiwa kuna mtu anakufa," alisema Komeo, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Akafungua. Hakukuwa na aliyekufa, ila kielelezo kilibadilishwa, na yeye akafungwa. Nileteeni sauti ya tatu, Afande, nitakimbia kwa miguu mpaka hospitali. Bila hiyo hata nikipiga, daktari ataniuliza, majibu yamepita mlangoni?"

Inspekta aliegemeza mgongo kwenye chuma. Yote yalikuwa yamepatikana, jina, kopo, mtu mwenyewe, na yote yalikuwa yamefungiwa humo pamoja naye. Ofisi ingefungwa, mkuu angeitwa, kazi ingevunjika. Chai ya kurudia kipimo haikuwepo. Mjomba angechukua funguo zake, apande ngazi, aende zake. Na gari la bohari lingekuwa limeshaondoka.

Alikuwa na vitisho vingi kichwani na alijua kwamba hakuna hata kimoja kitakachofaa. Akavuta kiti chake, akakaa mbele ya Mjomba, magoti kwa magoti kama walivyokuwa mwanzo.

"Mtoto hukumkusudia," alisema.

Mjomba alitazama pembeni.

"Chupa ilikuwa ya mama yake. Yeye ulitaka umlee. Naamini kabisa ulitaka kumlea. Angekaa kwako, umpeleke shule, umnunulie viatu."

"Huwa hanywi chai," alisema Mjomba.

Ilimtoka yenyewe. Matone aligeuza kichwa.

"Mtoto yule huwa hanywi chai," alirudia Mjomba, sasa kwa sauti ya kulalamika, kama mtu aliyeonewa. "Tangu mdogo. Ukimpa anaitema. Anataka maji, anataka maziwa. Chai hataki."

"Siku ile kulikuwa na jua kali, naye alitoka shule na kiu. Mama yake tumbo lilishaanza kumsokota, akamwambia, chukua hii mwanangu, mimi imenishinda."

Mjomba alifumba macho. Inspekta alimwonea huruma na akajichukia kwa kumwonea huruma, akaendelea.

"Wewe tangu siku ile umekuwa ukijua jina la kile kitu. Ukaona anapewa dawa isiyo yake, ukanyamaza. Ukajua nywele zitadondoka, ukaenda ukamchagulia kofia. Sasa sikiliza. Kazi ikivunjika utatoka hapa mtu huru, mimi sitakuwa na la kukufanya, nakwambia kweli. Utabaki na nyumba na kofia. Mtoto hutakuwa naye."

Matone alizima mashine, na mlio wake mdogo, ambao walikuwa wameshausahau, ukakoma.

Mjomba akainuka, safari hii bila kupepesuka, akaenda mlangoni. Aliweka paji la uso kwenye chuma. Inspekta hakumfuata.

"Kazi imekwisha," alisema Mjomba. Akameza mate. "Fungua."

"Na hiyo ya tatu," alisema Komeo.

Chuma kirefu kilivutwa, kitasa cha pili, cha kwanza. Hewa ya korido iliingia, ya kawaida kabisa, yenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na Inspekta aliimeza kama maji. Alimpita Mjomba, akaikwapua simu yake mezani kwa Komeo. Daktari alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Thaliamu. Ndiyo, imepita mlangoni, sauti tatu. Risasi haimo kabisa, acheni ile dawa sasa hivi. Wazuie watu wa bohari. Laleni mbele ya gari ikibidi."

Alisikiliza. Daktari alikuwa tayari anampigia mtu mwingine kelele kwa simu ya pili. Kisha akasema gari lilikuwa bado linapakia.

Inspekta aliweka simu chini. Akavaa mkanda. Akavaa hereni moja, nyingine hakuiona, akaiacha. Aliita askari wake wawili waliokuwa ngazini. Kisha akageuka.

Mlango ulikuwa wazi, na Mjomba alikuwa bado ndani. Amesimama pale pale alipoitoa sauti yake, mikono imening'inia, kama mtu ambaye hajaambiwa kwamba anaweza kutoka.

"Afande," alisema. "Kofia. Mpelekee."

Inspekta aliuinua mfuko wa karatasi. Ulikuwa mwepesi sana.

"Hiki sasa ni kielelezo, Mjomba. Kitakaa stoo ya polisi mpaka kesi iishe."

"Najua. Lakini yeye..."

"Nitamnunulia nyingine."

Mjomba alitikisa kichwa taratibu, akikubali. Askari walimshika mikono, naye akawapa bila ubishi. Alipofika usawa wa meza alisimama tena, nao wakamwacha asimame.

"Kichwa chake ni kidogo kuliko umri wake," alisema. "Za miaka sita zinamfunika macho. Chukua ya miaka minne."

Inspekta alimwambia Komeo aandike muda wa kufungua, akamwambia Matone ale kitu kwanza, akapanda ngazi huku akitafuta hewa. Dereva alimuuliza kama waende moja kwa moja hospitali. Alisema wapitie kwanza dukani. Muuzaji alimletea kofia za kila rangi, akamuuliza mtoto ana miaka mingapi, na Inspekta akasema minne.